Shati Jeupe, Doa la Damu na Unga wa Oksijeni

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Dodoma)



Najua mmezoea. Mtu wa afya akisimama mbele yenu, basi ni mbu, au ni UKIMWI, au ni choo. Leo ni kufua nguo. Naona wavulana kule nyuma mmeshaanza kucheka, eti hayo ni mambo ya akina dada. Ngojeni kidogo. Wapo wasichana wanaokosa masomo kwa sababu ya doa kwenye sketi. Na wapo watu, wavulana kwa wasichana, wanaokimbizwa hospitali kwa sababu walichanganya dawa ya kufulia na dawa ya choo wakidhani wanaongeza usafi. Kwa hiyo tuache utani, tuzungumze.

Je, shati lako la shule lilikuwa na rangi gani siku uliponunuliwa? Jeupe pee. Na sasa hivi? Wengi wenu mnatazamana. Baada ya muhula mmoja tu shati limekuwa rangi ya maji ya mchele, na makwapani limekuwa njano. Mama anasema hufui vizuri. Wewe unasema sabuni ni mbaya. Mara nyingi mwenye kosa ni maji.

Sisi wa uwanda huu wa kati mvua yetu ni kidogo. Dodoma hupata milimita 500 na kitu kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, halafu ni kiangazi na vumbi mpaka msimu mwingine. Kwa hiyo tunategemea maji ya ardhini. Mji wa Dodoma umetegemea visima vya Makutupora kwa miaka mingi, na vijijini, iwe Bahi, Chamwino au Kongwa, watu wana visima vya pampu, malambo, au wanafukua mchanga wa mto mkavu. Maji ya kisima yamepita kwenye mawe na kubeba madini, hasa kalisiamu na magnesiamu. Ndiyo yale tunayoyaita maji ya chumvi, na mwalimu wa kemia anayaita maji magumu. Ukisugua sabuni ya mche humo, povu halitoki. Badala yake unaona utando wa kijivu unaelea. Utando ule ni sabuni yako iliyoshikana na madini. Unaingia kwenye nyuzi za shati na kukaa. Unafua tena, unaongeza utando mwingine. Ndiyo maana shati linakunjamana kama gunia na kuwa kijivu, hata kama umelisugua mpaka vidole vinauma.

Sasa bibi zetu walikuwa na dawa ya hili, nanyi mnaijua, maana mnaila. Magadi! Yale yale yanayotiwa kwenye mlenda na kwenye maharage magumu. Magadi ni sodiamu kaboneti iliyochanganyika na vitu vingine, inapatikana kwenye maziwa kama Natron kwetu na Magadi kule Kenya. Ukiyatia kwenye maji magumu, yanakamata kalisiamu na kuitupa chini kama unga mweupe. Sabuni inabaki huru kufanya kazi yake. Ila magadi ya sokoni yana udongo na uchafu mwingine, kwa hiyo kwa nguo nyeupe yayeyushe kwanza kwenye chombo, yaache yatulie, utumie maji ya juu yaliyo safi. Ukimwaga hivyo hivyo utapaka shati matope, halafu useme dada wa afya kanidanganya.

Kwa nini nimeanza na magadi? Kwa sababu ule unga mpya unaotangazwa redioni kwamba unatoa madoa kwa nguvu ya oksijeni, karibu nusu ya maajabu yake ni magadi.

Unga huo jina lake la kemia ni sodiamu pakaboneti. Kiwandani wanachukua sodiamu kaboneti, yaani magadi yaliyosafishwa, wanaikausha pamoja na haidrojeni peroksaidi, inatoka chenga nyeupe kama sukari. Ukiitia kwenye maji vitu viwili hivyo vinaachana. Magadi yanashughulikia ugumu wa maji na mafuta ya mwili, na haidrojeni peroksaidi inashughulikia rangi ya doa. Wengine mmeshakutana na haidrojeni peroksaidi maabara. Si mnakumbuka mwalimu anapotaka kuonyesha oksijeni? Anaidondosha kwenye ule unga mweusi wa manganizi dayoksaidi, viputo vinatoka, anaingiza kijiti chenye kaa, kinawaka tena puu! Ni kitu hicho hicho. Kazi yake ikishaisha kinachobaki ni maji, oksijeni na yale magadi. Hakuna harufu ya kuwasha pua.

Nataka mwelewe jambo moja hapa. Kung'arisha si kusugua doa mpaka litoke. Doa la chai au zabibu lina molekuli zenye sehemu inayobeba rangi. Oksijeni ile inaishambulia sehemu hiyo na kuivunja. Kipande kingine cha doa kinaweza hata kubaki pale pale, ila hakina rangi tena, na kingine kinayeyuka na kwenda na maji. Jiki nayo inafanya kazi ya namna hiyo lakini kwa klorini, na klorini ni mkali asiye na adabu: haichagui kati ya rangi ya doa na rangi ya sketi yako.

Elimu hii si ya jana. Zamani Ulaya walitandaza vitambaa kwenye majani juani kwa majuma mengi ili viwe vyeupe. Miaka ya 1780 Mfaransa Claude Berthollet akaonyesha kwamba klorini inafanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Mwaka 1818 Mfaransa mwingine, Louis Jacques Thénard, akatengeneza haidrojeni peroksaidi. Na mwaka 1907 kampuni ya Henkel ya Ujerumani ikatoa sabuni ya unga inayoitwa Persil, iliyokuwa na kemikali ya kutoa oksijeni ndani yake. Siku hizi sabuni nyingi za unga zina pakaboneti kidogo ndani yake. Soma pakiti. Kama imeandikwa pakaboneti au oksijeni, ujue ndiyo hiyo. Kama imeandikwa haipokloraiti au klorini, hiyo ni jamaa ya jiki. Usiende kwa rangi ya pakiti au picha ya mama anayetabasamu.

Na bluu je? Bluu haitoi kitu. Inapaka shati rangi ya bluu hafifu ili jicho lako lisione unjano. Si vibaya, lakini usijidanganye kwamba umesafisha.

Haya, twende kwenye madoa yenyewe. Sisi ni watu wa zabibu. Anayetoka Hombolo au Mpunguzi anajua wakati wa mavuno shati linakuwaje. Zabibu, chai, juisi ya embe, mchuzi wa nyanya, jasho la makwapani: haya yote ni madoa ya unga wa oksijeni, tena hapo ndipo unapoona faida yake. Msishangae doa la zabibu likigeuka bluu au kijani mara tu linapoguswa na sabuni au magadi. Rangi ya zabibu ni kama litimasi, inabadilika ikikutana na alkali. Subiri, itaondoka. Jasho nalo lina visa vyake. Watu wanaona kwapa la shati limekuwa njano, wanamwaga jiki, na unjano unazidi! Hasa kama ni shati la tetroni au unatumia dawa ya kuzuia jasho. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye oksijeni, usiku kucha kama unjano ni wa siku nyingi.

Lakini udongo wetu mwekundu, samahani sana. Wekundu ule ni kutu, chuma kilichokwisha kushikana na oksijeni zamani za kale. Ukikiongezea oksijeni nyingine hakijali. Soksi zenye udongo zikung'ute zikiwa kavu kwanza, kisha sabuni na kusugua. Wino wa kalamu ya Bic uliovuja mfukoni nao hautoki kwa oksijeni. Jaribu spiriti kidogo kwenye pamba, mbali na moto, ukiweka kitambaa kikuukuu chini ya doa.

Sasa nimefika kwenye doa ambalo ndilo hasa limenileta. Damu ya hedhi.

Naona kimya. Hiyo ndiyo shida yenyewe, kimya. Msichana wa kidato cha pili ana sketi moja ya shule, ya bluu iliyokolea. Jumatatu, kipindi cha tatu, anasimama kujibu swali na nyuma kuna doa. Mtu mmoja anacheka, wengine wanafuata. Jioni anafua sketi kwa maji ya moto kwa sababu amesikia maji ya moto yanaua uchafu. Doa linageuka kahawia na kugoma. Anakwenda dukani, ananunua jiki, anamwaga. Asubuhi damu haipo, lakini pale ilipokuwa pana baka la rangi ya machungwa kubwa kuliko kiganja. Sketi nyingine ni pesa, na nyumbani wanangoja mavuno. Siku ya kwanza anasema anaumwa. Ya pili anasema anaumwa. Wiki imepita. Nimezungumza na wasichana wa namna hii, si mmoja. Wakirudi darasani hesabu imekwenda mbali, na wengine hawarudi.

Yote haya kwa doa ambalo lingetoka kwa maji baridi na kipande cha sabuni!

Damu ni protini, kama ute wa yai. Ute wa yai ukiwa mbichi unayeyuka kwenye maji, ukiupasha moto unakuwa mweupe na mgumu, na huwezi kuurudisha. Damu inafanya vivyo hivyo ndani ya nyuzi za kitambaa. Kwa hiyo maji ya damu siku zote ni baridi. Likiwa bichi, dakika kumi za maji baridi na sabuni ya mche zinatosha mara nyingi. Likiwa limekauka, loweka kwenye maji baridi kwa saa moja au zaidi, kisha sugua kwa sabuni, suuza. Sehemu kubwa itaondoka. Kinachobaki, kile kivuli cha kahawia, ndicho cha kupelekea unga wa oksijeni.

Usiruke hatua ya maji baridi kwa haraka yako. Ndani ya damu kuna kimeng'enya kinachoitwa katalesi, wale wa biolojia mnakijua, mlikiona kwenye maini. Kazi yake ni kuvunja haidrojeni peroksaidi. Ukitia dawa juu ya damu nyingi, utaona povu zuri sana na utafurahi, kumbe katalesi inaimaliza dawa kabla haijagusa rangi. Povu si ushahidi wa usafi. Punguza damu kwanza.

Unga ukikosekana, duka la dawa huuza haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 katika kichupa kidogo. Matone machache juu ya kivuli cha damu, dakika tano, suuza kwa maji baridi. Lakini iwe unga au kichupa, kwa nguo ya rangi jaribu kwanza sehemu ya ndani ya upindo, ungoje nusu saa. Rangi ikihama, acha. Na nguo za sufi, hariri au ngozi usiziguse kabisa na vitu hivi.

Wanaotumia vitambaa au pedi za kufua, njia ni hiyo hiyo: maji baridi, sabuni, na ukitaka oksijeni mara moja moja. Ila suuzeni mpaka maji hayatelezi tena vidoleni. Ule utelezi ni alkali, na alkali ikibaki kwenye kitambaa kinachokaa mwilini itawasha na kuchubua. Kisha anika juani. Najua kinachotendeka mabwenini: kitambaa kinafichwa chini ya godoro au nyuma ya sanduku, kinakaa na unyevu siku tatu, kinanuka, kinavaliwa hivyo hivyo. Kama unaona haya, anika halafu tandika kanga nyepesi juu yake. Jua na upepo wa Dodoma vitapita. Jua hili tunalolilalamikia kila siku ndilo lenye dawa ya bure.

Na pedi za dukani? Mwaka 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi, mwaka 2019 ikairudisha kwa maelezo kwamba bei hazikushuka kwa mnunuzi. Mnaweza kubishana juu ya hilo kwenye midahalo yenu, ni mada nzuri. Mimi leo nazungumza na yule ambaye bei ni kubwa kwake, kodi iwepo isiwepo.

Nyie wavulana, ninyi kazi yenu ni nyepesi. Ukiona doa kwenye sketi ya mwenzako, vua sweta lako umpe ajifunge kiunoni, halafu endelea na mambo yako. Usitangaze wema wako. Na yule anayecheka, mwambieni mama yake naye alikuwa msichana.

Sasa hatari. Hapa naomba muache kuandika mnisikilize.

Jumamosi ya usafi. Vyoo vya shule vinanuka. Mmoja ana jiki, mwingine ana dawa ya choo, ile ya majimaji mazito. Wanasema tuchanganye, nguvu mbili. Dawa nyingi za choo ni asidi. Asidi ikikutana na jiki inafukuza gesi ya klorini. Ni gesi ile ile iliyoachiliwa dhidi ya askari huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, ikaua watu kwenye mahandaki. Chooni ni kidogo, ndiyo, lakini choo chenyewe ni chumba kidogo na mlango umefungwa. Macho yanachoma, kifua kinabana, unakohoa huwezi kuacha. Mwenye pumu anaweza kufa. Jiki ukiimwaga juu ya mkojo mwingi nako kunatoka gesi nyingine za kuwasha, kwa sababu mkojo uliokaa una amonia. Kwa hiyo mwaga maji kwanza, fungua mlango na madirisha, tumia dawa moja tu.

Na huu unga wa oksijeni, pamoja na upole wake, hauchanganywi na jiki. Ukivichanganya vinapigana vyenyewe kwa vyenyewe, oksijeni inafoka kwa nguvu, inakurushia maji ya dawa usoni, na mwisho umebaki na maji yasiyofua kitu. Wala usiutie siki au limau. Na mtu asikudanganye uukoroge kwenye chupa ya maji ya plastiki, ufunge kifuniko, uuweke kwa ajili ya wiki ijayo. Gesi itaendelea kutoka, chupa itavimba, ipasuke. Tena baada ya saa chache nguvu imeshakwisha. Koroga wa kutumia leo, leo.

Chupa za soda na maji zina balaa jingine. Dukani mtu anapimiwa jiki kwenye chupa ya soda, anafika nyumbani anaiweka sakafuni jikoni. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Kila dawa ya kufulia ikae kwenye chombo chake, juu, ambako mtoto hafiki. Akinywa, msimlazimishe kutapika, kwa sababu kilichochoma koo kikishuka kitalichoma tena kikipanda. Msukutueni kinywa, mpelekeni kituo cha afya mara moja, na mbebe na chombo chenyewe ili mganga ajue alikunywa nini. Ikiingia jichoni, iwe jiki au huu unga, mimina maji safi juu ya jicho lililo wazi kwa dakika 15 hadi 20, usilisugue, kisha hospitali. Anayebanwa na gesi mtoeni nje kwenye hewa.

Kuna jambo nilitaka kuliacha, lakini kila nikienda shule naulizwa pembeni, kwa sauti ya chini. "Dada, hii kitu ikipakwa usoni inang'arisha?" Mkorogo! Wapo wanaochanganya jiki, sabuni ya unga na krimu za kila aina na kujipaka. Mdogo wangu, ngozi yako si shati. Shati likiharibika unanunua jingine. Klorini na alkali vinachoma ngozi, vinaacha mabaka na vidonda, na jua la huku linamalizia. Peroksaidi nayo hata kwenye vidonda siku hizi hatuipendekezi kwa kawaida, kwa sababu inaua pia nyama changa inayojaribu kupona. Maji safi na sabuni yanatosha kuosha kidonda kidogo.

Lakini msitoke hapa mkisema jiki ni shetani. Ina mahali pake. Nyumbani kukiwa na mgonjwa wa kipindupindu, au shuka imechafuliwa na damu au matapishi ya mgonjwa, hapo tunataka kuua vijidudu, na huu unga kwenye beseni la maji baridi haumo katika kazi hiyo kwa uhakika. Tumia klorini. Kama jiki imeandikwa asilimia 3.5, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo sita vya maji kinakupa asilimia 0.5, ambayo ni ya kutakasia mahali palipomwagika damu au matapishi. Lakini soma chupa kwanza, kwa sababu si zote zina asilimia hiyo. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Na maji ya kunywa hayatiwi unga wa oksijeni hata chembe.

Tukiwa kwenye vitambaa, nigusie macho. Kongwa inajulikana duniani kwa utafiti wa trakoma, ule ugonjwa wa kope unaopofusha. Wataalamu wamefanya kazi pale tangu miaka ya 1980, na mwaka 1995 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kuosha watoto nyuso husaidia kupunguza trakoma kali. Ugonjwa hupita kwa mikono, kwa nzi, na kwa nguo. Ile pembe ya kanga inayofuta uso wa mtoto wa kwanza, wa pili na wa tatu, ndiyo usafiri wa kijidudu. Hapo huhitaji dawa yoyote ya duka. Kila uso kitambaa chake, kifuliwe kwa sabuni, kianikwe juani. Maji hayatoshi? Uso wa mtoto hauhitaji ndoo.

Basi mtu atauliza, huo unga natumiaje na maji yenyewe ni dumu moja? Asubuhi weka beseni la plastiki juani na lita tano za maji. Beseni jeusi ni bora zaidi. Ikifika saa nane maji yana uvuguvugu mzuri bila mkaa wala kuni. Hapo tia kijiko kimoja au viwili vya mezani, au kama pakiti inavyosema, koroga mpaka uyeyuke, halafu tia mashati yaliyokwisha kufuliwa kwa sabuni. Si machafu, yaliyofuliwa. Dawa ikikutana na matope inapotea bure. Yaache nusu saa mpaka saa mbili. Maji baridi pia yanafanya kazi ila polepole, ndiyo maana wengine huacha usiku kucha. Maji hayo hayo yanaweza kupokea soksi baada ya mashati. Suuza mara mbili, na maji ya mwisho ya leo weka yawe ya kwanza kwa kufulia kesho. Yale ya dawa mwaga chooni kuoshea sakafu, si kwenye mchicha, kwa sababu magadi yanaua bustani.

Beseni liwe la plastiki, narudia, si debe wala ndoo ya bati yenye kutu. Chembe ya kutu ikigusana na peroksaidi juu ya kitambaa, inaichochea ifanye kazi kwa fujo mahali hapo hapo, na shati linatoka na tundu dogo kama limepigwa na cheche ya pasi ya mkaa. Na shika dawa kwa mikono mikavu, au vaa glavu kama una vidonda au ngozi inayopasuka.

Bei? Pakiti kubwa ni ghali, sitawaficha. Kama una shilingi za kununua kitu kimoja tu mwezi huu, nunua sabuni ya mche ya kutosha. Sabuni, maji baridi kwa damu, magadi yaliyotulizwa, na jua, hivyo vinne vinakufikisha mbali sana. Unga ni wa kile kivuli kinachogoma. Mabweni mnaweza kuchanga watu sita, pakiti moja ikae kwa matroni, penye ukavu, maana ikipata unyevu inapoteza nguvu ikiwa ndani ya pakiti.

Wanaopenda sayansi, hili mlifanye klabuni wiki hii. Chukueni kitambaa kimoja cheupe cha pamba, mkate vipande vinne, mpake vyote maji ya zabibu, viacheni vikauke hadi kesho yake. Kimoja kwenye maji ya kisima peke yake, kimoja maji na sabuni ya mche, kimoja maji na unga wa oksijeni, cha nne kilowesheni maji matupu mkitandaze juu ya majani juani, mkikilowesha tena kila kikikauka. Andikeni mnachokiona baada ya nusu saa, saa tatu, na kesho yake. Halafu rudieni na udongo mwekundu wa hapo uwanjani, mnitumie matokeo kwa anwani ya gazeti hili. Mwandike na maji mliyachota wapi.